Kinyozi Anayejinyoa: Historia ya Kuanzisha Programu na Istilahi Zake

Wahenga walituachia neno kwamba kinyozi hajinyoi. Ukweli wa methali hiyo unaonekana katika shughuli nyingi za wanadamu, lakini upo mtambo mmoja ambao kila siku hulazimika kuikanusha. Kompyuta inapowashwa asubuhi huwa haijui lolote. Ili ifanye kazi yahitaji programu. Ili programu iingie ndani yake yahitaji programu nyingine ya kuipokea. Na hiyo nyingine, je, imepokewa na nani? Hapana budi pawe na mahali ambapo kinyozi ananyanyua wembe na kujinyoa mwenyewe. Wasemaji wa Kiingereza walipotaka kulipa jambo hilo jina, walichukua taswira ya mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake. Mwanafunzi wetu hulikariri neno hilo bila kuiona picha iliyomo ndani yake, na neno lisiloonyesha picha ni mzigo kwa anayelibeba.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi binadamu alivyojifunza kuanzisha programu, tangu siku za kuchomeka nyaya hadi siku za kubofya picha ndogo juu ya kioo, na kupima maneno ambayo Kiswahili kinayo, au kinayahitaji, kwa kila hatua ya safari hiyo. Shabaha si kumburudisha msomaji kwa mambo ya kale. Kama itakavyoonekana, mtu asiyekuwa na maneno ya hatua hizo hawezi kueleza mtambo wake umeharibika wapi.

Neno moja kwa maradhi mengi

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikaa siku mbili katika chuo kimoja, nikisikiliza jinsi vijana wanaojifunza kuandika programu wanavyozungumza na fundi wao. Nilikwenda kukusanya maneno. Siku ya kwanza binti mmoja alikuja na kompyuta yake ya mkononi. Somo lao lilitumia zana kadhaa, na zana zote zilifunguliwa kutoka dirisha moja lililowekwa kwa ajili hiyo. Asubuhi ile dirisha halikutokea.

"Fundi, imegoma," alisema.

"Imegomaje, dada yangu?"

"Imegoma tu. Nabofya, haifanyi kitu."

Fundi hakuwa na la kuuliza zaidi, kwa kuwa neno lenyewe halikumpa njia ya kuulizia. Aliifuta programu nzima na kuisakinisha upya. Kazi hiyo ilichukua adhuhuri yote, na ilipokwisha, dirisha halikutokea. Siku ya pili alikuja mwalimu mmoja mtu mzima. Hakuigusa ile picha kabisa. Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika jina la programu, akabonyeza. Papo hapo yakatokea maneno yaliyokuwa yakitoka siku zote mbili bila kuonekana na mtu. Ilibainika kwamba kompyuta ile ilikuwa na masalio ya usakinishaji wa zamani: mstari mmoja wa mipangilio uliokuwa ukiielekeza Python kwenye maktaba iliyokwisha kuchakaa. Programu ilianza vizuri, ikafuata mstari ule, ikakuta vitabu visivyolingana nayo, ikafa kabla ya kuchora dirisha. Mwalimu aliuondoa mstari, na zana zikafunguka. Hazikupita dakika kumi.

Lakini mazoezi ya muhula mzima ya binti yule yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya folda iliyofutwa siku ya kwanza. Hayakuwa na nakala. Hakusema kitu, alifunga kompyuta yake akaenda darasani.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Fundi hakuwa mzembe, na mtambo haukuwa mbovu. Kilichokosekana baina ya watu wawili wenye nia njema ni maneno. "Imegoma" husemwa juu ya mtambo usiopata umeme, juu ya programu isiyopatikana, juu ya programu iliyopatikana ikakosa kiungo, juu ya ile iliyoanza ikaanguka, na juu ya ile iliyoganda. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa, basi.

Amri za awali

Mitambo ya mwanzo haikuwa na tatizo la kuanzisha programu kwa maana tunayoijua leo, kwa sababu programu ilikuwa ni mtambo wenyewe. ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani mwezi Februari 1946, ilikuwa na vali za kielektroniki zipatazo 18,000. Ili kuipa kazi mpya, watu walichomoa nyaya na kuzichomeka upya na kugeuza swichi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo iliweza kuchukua siku nyingi.

Kinyozi wa kwanza mashuhuri wa kujinyoa alipatikana Cambridge, Uingereza. Huko Maurice Wilkes na wenzake waliunda EDSAC, ambayo programu zake ziliwekwa katika kumbukumbu ileile iliyobeba tarakimu. Programu ziliandikwa juu ya utepe wa karatasi wenye matundu. Swali likawa: ni nani ataufundisha mtambo kuusoma utepe? Jibu lilitolewa na kijana David Wheeler. Aliandika amri 31 tu, nazo zikafungwa katika swichi za kuzunguka, za aina iliyokuwa ikitumika kuunganisha simu. Mwendeshaji alipobonyeza kitufe cha kuanzia, amri hizo zilinakiliwa kwenye kumbukumbu, kisha zikaanza kusoma utepe na kuiweka programu mahali pake. Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza, ikachapa orodha ya namba zilizozidishwa kwa zenyewe.

Wheeler na wenzake waliziita amri za awali. Jina hili laingia katika Kiswahili bila kupoteza chochote, na hata leo kila kompyuta, hata simu iliyomo mfukoni mwa msomaji, ina amri za namna hiyo zilizofungwa ndani yake. Sioni sababu ya kuhangaika na buti. Tukisema kwamba mtambo unajiamsha kwa amri za awali, mwanafunzi ataona.

Mdudu aliyeonekana na mdudu asiyeonekana

Mwaka huohuo 1949 Wilkes aliandika programu ya kwanza ngumu kiasi, ya mistari 126. Ilikuwa na makosa yapatayo 20. Baadaye, katika kumbukumbu za maisha yake, alisimulia jinsi alivyong'amua wakati huo kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ingeishia katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Na hakukosea.

Waingereza na Wamarekani huiita kazi hiyo kuondoa wadudu. Wengi hudhani kwamba neno hilo lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, wakati nondo alipokutwa amenasa ndani ya relei ya mtambo wa Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, akabandikwa kwa utepe katika daftari la kazi. Daftari lipo na nondo yupo, lakini mafundi wa Marekani walikuwa wakiziita hitilafu wadudu tangu karne ya 19. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua ya mwaka 1878. Walioandika katika daftari lile walikuwa wakifanya mzaha kwamba safari hii mdudu amepatikana kweli.

Je, sisi tuseme mdudu? Kiswahili hakikosi mizizi ya taswira hiyo: kidole kinachovimba na kutunga usaha husemwa kwamba kina mdudu, ingawa hakuna aliyemwona. Hata hivyo, naona taswira hii inatupotosha katika jambo moja. Mdudu huja mwenyewe kutoka nje; kosa la programu limeandikwa na mtu. Kiswahili kina utajiri ambao si vema kuutupa. Kosa ni la mwandishi wa programu. Dosari ni kasoro inayobaki ndani ya programu kwa sababu ya kosa hilo. Hitilafu ni lile linaloonekana na mtumiaji wakati wa kazi. Kosa laweza kukaa kama dosari iliyolala kwa miaka kabla ya kuzaa hitilafu, na wakati mwingine, kama kwa binti yule, hitilafu hutokea bila dosari yoyote ndani ya programu yenyewe. Maneno matatu kwa mambo matatu: hapa Kiswahili hakina haja ya kuomba.

Gamba na njia

Kadiri mitambo ilivyokua, ndivyo ilivyokuwa ghali mno kumwachia mtu mmoja aikalie peke yake. Mwaka 1961 katika chuo cha MIT ulionyeshwa mfumo wa CTSS, ulioruhusu watu wengi kuutumia mtambo mmoja kwa zamu za haraka kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake. Sasa kuanzisha programu kukawa ni kuandika jina lake. Mfaransa Louis Pouzin, aliyefanya kazi katika mfumo huo, alibuni njia ya kupanga amri nyingi zitekelezwe mfululizo, na katikati ya miaka ya 1960 akaipa jina programu inayopokea amri za mtumiaji: aliifananisha na ganda linaloizunguka kokwa. Wazo hilo lilirithiwa na Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell.

Hapa mwanaistilahi hukutana na mtego. Ganda ni neno zuri, la yai na la karanga. Lakini watu wetu wamekwisha kusema kwamba kompyuta imeganda, wakimaanisha kwamba imesimama haijibu, kama mafuta ya nazi wakati wa baridi. Fundi atakayeandika kwamba ganda limeganda atachekwa, na atakayeandika kwamba hitilafu ni ya ganda hataeleweka kama asemavyo ni jina au ni kitendo. Haifai kumnyang'anya mwananchi neno lake lililokwisha kuzoeleka. Kwa hiyo napendekeza tumwachie kuganda kwake, na sisi tuchukue gamba. Gamba nalo ni la nje, ndilo linalogusana na ulimwengu. Zaidi ya hayo, nyoka hulivua akavaa jingine huku akibaki nyoka yuleyule. Ndivyo ilivyokuwa kwa Unix: gamba la kwanza la Ken Thompson lilivuliwa, na katika toleo la saba la mwaka 1979 likavaliwa la Stephen Bourne.

Toleo hilo la mwaka 1979 lilikuja pia na kitu ambacho kimewasumbua wanafunzi kuliko vyote. Mtu anapoandika jina la programu, gamba litaitafuta wapi? Haliwezi kupekua mtambo mzima. Hupewa orodha ya folda, nalo huzipitia kwa mpangilio, likikamata ya kwanza lenye jina hilo. Orodha hiyo ni njia, na Kiswahili hakihitaji neno jingine. Njia ikikosa folda, programu iliyopo itaambiwa haipo. Njia ikitanguliza folda ya zamani, itakamatwa programu ya zamani, na mtumiaji atafikiri anatumia mpya. Vipo pia vigeu vya mazingira vinavyoielekeza programu, ikiisha kuanza, itafute vitabu vyake wapi; kimojawapo ndicho kilichomponza binti wetu.

Eneokazi na kianzishi

Hatua iliyofuata ilikusudiwa kumwondolea mtu wa kawaida mzigo wa kukumbuka majina. Katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, iliundwa Alto mwaka 1973, na mwaka 1981 kampuni hiyo ikatoa sokoni Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya ofisi yenye hati, majalada na vikasha vya barua. Mtumiaji hakuandika jina. Alionyesha kwa kipanya. Apple ikafuata kwa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, na mwezi Agosti 1995 Windows 95 ikaleta kitufe cha kuanzia katika kona ya kioo. Kiswahili kimepata neno eneokazi, ambalo limeiacha meza na kuchukua kazi. Ni sawa: meza si kiini cha jambo.

Waandishi wa programu wenyewe walichelewa kuhamia huko, kwa kuwa zana zao ni nyingi na kila moja ina mahitaji yake. Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ilipopendwa na wanasayansi, tatizo likawa kwamba mtaalamu wa hesabu au wa mimea alihitaji maktaba nyingi zinazolingana matoleo, na hakuwa tayari kusoma elimu ya magamba ili azipate. Mwaka 2012 ilianzishwa huko Austin, Texas, kampuni ya Continuum Analytics, ambayo baadaye ilichukua jina la mkusanyo wake, Anaconda. Mkusanyo huo una programu iitwayo Navigator, ambayo kazi yake ni kufungua zana nyingine: mtu huona vibao vya zana kama Jupyter na Spyder, naye hubofya. Chini ya kila kibao, hata hivyo, bado iko amri. Na mtu ambaye picha haimfungulii Navigator anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika anaconda-navigator, naye ataona kile ambacho picha ilimficha.

Programu ya namna hiyo tuiiteje? Wapo wanaopendelea kuzindua na kizinduzi. Neno hilo lina heshima yake. Asili yake ni kinyume cha kuzindika: aliyezinduliwa ameondolewa zindiko, ameamshwa kutoka katika bumbuazi. Leo twazindua kitabu, mradi au meli, na hufanyika mara moja tu, kwa hotuba na makofi. Programu hufunguliwa mara ishirini kwa siku bila mgeni rasmi. Kuwasha nako ni kwa taa, gari na kompyuta yenyewe. Tukiwasha programu pia, tutashindwa kutofautisha umeme na amri. Kuanzisha ndiko kunakofaa, kwa kuwa kunanyambulika bila shida: programu imeanzishwa, haianzi, imeanza ikaanguka. Basi chombo chenyewe kiwe kianzishi.

Tulioingia kwa ghorofani

Katika nchi yetu historia hii ilipita kwa mkato. Serikali ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Tanzania ilizuia uingizaji wa mitambo hiyo, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baadaye. Walio wengi walikutana na kompyuta wakati eneokazi limekwisha kutandazwa. Kazi ya istilahi ilifanyika kwa bidii. Mwaka 2004, mathalani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Lakini maneno yaliyotafsiriwa yalikuwa hasa ya yale yanayoonekana: menyu, faili, dirisha. Tuliingia nyumba hii kwa ghorofani, na ngazi za chini hatukuzipa majina.

Na hapo ndipo historia inapokuwa dawa. Kila kizazi kiliweka tabaka jipya juu ya lile la zamani bila kuliondoa. Hitilafu huweza kukaa katika tabaka lolote, bali huonekana juu tu, kwenye picha. Yule mwalimu mtu mzima, bila kusema, alirudi nyuma katika historia: kutoka picha ya mwaka 1981 hadi gamba la miaka ya 1960, kisha njia na vigeu vya mwaka 1979. Kama hapo pote pangekuwa salama, angeshuka hadi amri za awali za mwaka 1949.

Kwa ajili hiyo naleta mbele ya wasomaji na Baraza maneno haya, ili anayeripoti hitilafu aseme moja badala ya "imegoma":

Haiwaki: mtambo haupati umeme, au amri za awali hazikukamilika.
Haipatikani: gamba limefuata njia na halikuiona programu.
Imepungukiwa: programu imepatikana, lakini maktaba inayoitegemea haipo au hailingani.
Imeanguka: programu ilianza, kisha ikafa.
Imeganda: programu ipo hai lakini haijibu.
Haionekani: programu inaendelea, ila dirisha lake halikuchorwa.

Sidai kwamba maneno haya ni ya mwisho. Huenda wasomaji wa Mombasa, Zanzibar au Lubumbashi wana bora zaidi, na tutashukuru kuyapokea. Ninalodai ni kwamba jedwali la namna hii lipo kwa faida ya mtu. Laiti binti yule angekuwa na neno la kusema, "Fundi, imeanza ikaanguka," fundi angeuliza swali la pili kabla ya kuifuta folda.

Nilimwandikia baadaye kumwomba ruhusa ya kusimulia kisa chake bila kumtaja jina. Alikubali. Katika jibu lake alieleza kwamba ameanza upya zoezi la tatu, na kwamba sasa kila Ijumaa huhifadhi nakala.